Sikiliza Siti Ikilia Pande Zote Mbili

Juzi kijana mmoja hapa gereji, Mtwara mjini, alimaliza kufunga siti ya dereva kwenye pikapu ya zamani, akaipiga kofi mgongoni na kusema, "Imeshika hiyo, kaka." Nikamwambia akae, akanyage breki kwa nguvu zake zote. Siti ikakimbia nyuma mpaka mwisho wa reli. Yeye alicheka. Mimi nilishindwa kucheka, ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kushona na kufunga siti za magari.

1. Bolti zenye kutu msizikurupukie. Gari lililozeeka karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, chumvi imeshakula hadi nati iliyochomelewa chini ya sakafu. Ukiikata bolti pale, siku nzima imeenda kwenye grinda. Imwagie oili ya kulegezea kutu jioni, uifungue asubuhi. Siti ikishatoka, gonga sakafu kwa bisibisi. Bisibisi ikipenya, mwambie mwenye gari kwamba bati litibiwe kwanza. Na kwenye Land Rover za Series, zile za zamani, msisogeze moto kabla ya kutazama: tangi la petroli mara nyingi liko chini ya siti ya mbele upande wa kulia.

2. Bolti ya siti haitoki kwenye kopo la bolti za kuokota. Tazama kichwani, iwe imeandikwa 8.8, ndiyo alama ya uimara wake. Ya mkanda wa usalama ni jambo jingine kabisa, hata kwenye magari mengi ya Kijapani: ni ya inchi, 7/16, thredi 20 kwa inchi. Ukiilazimisha ya milimita 12, thredi inakufa, na mkanda unabaki pambo.

3. Reli. Hapa naomba mnivumilie.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nililetewa pikapu ya kushonewa kava, na mwenyewe aliitaka jioni ileile ikapakie magunia Newala. Nilipokuwa nairudisha siti, reli ya kushoto ilikuwa imeteleza jino moja nyuma ya ile ya kulia. Matundu ya bolti yakakataa kukutana. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili, gari lenyewe lilikuwa linaniambia. Nikachukua mtaimbo, nikaisukuma siti kwa nguvu mpaka bolti zikaingia. Niliposogeza siti, loki, kile kishikio kinachouma meno ya reli siti isitembee, ililia mara moja, upande wa kulia tu. Niliisikia. Nikamkabidhi mtu gari lake.

Safari mbili zilienda salama. Ya tatu, akiteremka mlima wa Newala na mzigo nyuma ya pikapu, dereva alikanyaga breki kwenye kona. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu, mgongo wake unaisukuma siti nyuma. Jino moja lililokuwa limeshika likaachia, siti ikakimbia, mguu ukatoka kwenye pedali. Alivuta hendibreki, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Alivunjika mguu.

Kuna sehemu sijawahi kuwasimulia vijana. Gari lilipovutwa kurudi Mtwara, kila mtu alisema breki zilikatika, na mwenzangu aliyekuwa amezifanya wiki ile akatukanwa mbele za watu. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu niliingia chini ya ile siti na tochi. Jino la kulia lilikuwa limekwanguliwa, linang'aa kama sarafu mpya. La kushoto lilikuwa na grisi ileile ya zamani na vumbi lake, na kipande cha uzi wangu mweusi wa kushonea kimelala juu yake. Halijawahi kuingia hata siku moja.

Nilimwendea mwenzangu kwanza, halafu mwenye gari, halafu dereva hospitali. Dereva ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwanangu, breki zilikuwepo. Siti ndiyo ilinikimbia." Alikuwa amelijua siku zote.

Kwa hiyo: kabla ya kuirudisha siti, zisukume reli zote mbili hadi mwisho, zilingane, loki zishike pamoja. Kagua waya unaounganisha loki za pande mbili, kwenye magari ya zamani hulegea. Bolti zote nne zishike kwa mkono kwanza, ndipo uje na spana namba 14.

4. Pikipiki. Ulimi wa mbele wa siti uingie kabisa chini ya kishikio chake nyuma ya tangi. Sponji ikizidi unene pale, siti inakaa juu juu, na abiria wa nyuma ndiye anayeumia. Weka nailoni kati ya sponji na leza. Msipitishe mshono pale mtu anapokalia, maana mvua ya masika inaingilia hapohapo.

5. Ukikuta soketi ya njano chini ya siti, hiyo ni ya eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Toa terminali ya betri, subiri dakika kadhaa, na usiipime kwa taa ya kupimia umeme.

Yule kijana nimemfungulisha bolti zote nne, akaanza upya. Safari hii aliinama, akaweka sikio karibu na reli, akavuta siti taratibu. Ka, ka. Akainua uso kunitazama.

"Rudia," nikamwambia.