Si kila kazi ni afadhali
Umeuliza kama kazi yoyote ni afadhali kuliko kukaa bure. Hapana. Kukosa kazi kunaumiza zaidi ya mfuko, hilo halina ubishi: kiwanda cha Marienthal, Austria, kilipofungwa, mtafiti wa saikolojia ya jamii Marie Jahoda na wenzake waliwakuta wanaume wakijikokota barabarani, wakisimama kila mara, na maktaba ikiazimisha vitabu vichache kuliko zamani, ingawa muda wa kusoma ulikuwa tele. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 (huu unanigusa sana) ulionyesha kwamba waliotoka kwenye ukosefu wa kazi wakaangukia kazi mbovu, ya presha na isiyo na uhakika wala usemi, afya yao ya akili ilizorota kuliko ya waliobaki bila kazi. Walioinuka ni waliopata kazi nzuri.