Bustani inang'aa lakini ndege hawaji: maswali na majibu

Barua zilizofika safari hii zinazunguka jambo moja: ndege wa asili wanaoishi, au wanaokataa kuishi, karibu na nyumba zetu. Nimejibu kwa urefu pale penye mengi ya kusema.

Nimepanda maua ya kila rangi, nyasi nakata kila wiki, majani makavu nafagia. Mbona jirani yangu, ambaye bustani yake ni kama pori, ana ndege wengi kuliko mimi?

Jirani yako ana wadudu, wewe huna. Natamani kila mwenye bustani alielewe hili kabla hajanunua chochote. Tumezoea kudhani kwamba ndege huishi kwa mbegu na matunda. Lakini hata mnana anayekula mbegu, na chozi anayenyonya mbochi, yaani maji matamu ya maua, huwatafutia makinda wao viwavi na buibui, kwa sababu kinda hukua haraka na huhitaji protini nyingi. Hayo majani makavu unayoyafagia na kuyachoma ndimo wanamoishi mende wadogo, mchwa na minyoo. Kurumbiza hushinda akiyapindua moja moja.

Basi acha kona moja isiguswe. Fagia njia na mbele ya mlango, ila majani yaliyo chini ya miti yaache yaoze papo hapo. Panda kwa tabaka: mti mrefu, chini yake vichaka vizito, kisha nyasi zilizoachwa zikatoa mbegu. Ndege mdogo hapendi kuvuka uwanja mtupu. Anataka pa kujificha kila baada ya hatua chache. Na dawa ya kuua wadudu iache kabisa. Jani lililotobolewatobolewa ni dalili kwamba bustani yako imeanza kulisha.

Halafu angalia mimea yenyewe. Viwavi wa aina nyingi humudu kula mimea michache tu, ile waliyoizoea kwa vizazi na vizazi. Mti uliotoka bara jingine mara nyingi hukaa na majani mazima mwaka mzima, haumsumbui mtu wala haumlishi ndege. Kama una nafasi ya mti mmoja mkubwa tu, mimi ningechagua mtini wa asili wa eneo lako. Mitini haizai yote kwa wakati mmoja. Huu unapomaliza, ule unaanza, kwa hiyo matunda hupatikana hata miezi ambayo miti mingine haina kitu. Njiwa wa porini, shorewanda, zuwakulu na hondohondo huifuata kutoka mbali. Uupande mbali na ukuta na mabomba, maana mizizi yake ina nguvu. Ukiwa na nafasi ndogo, tafuta mimea ya asili yenye maua marefu ya umbo la mrija, mekundu au ya rangi ya machungwa. Chozi watayaona.

Lantana, kile kichaka cha vishada vya maua ya rangi rangi, huvutia ndege sana na huota bila kutunzwa. Nipande?

Kama hauko Amerika ya tropiki, ambako ndiko kwao, usipande. Ndege hula matunda yake kweli, na ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu huzibeba mbegu hadi msituni na malishoni. Barani Afrika, Asia na Australia lantana imefunika maeneo makubwa na kuisonga mimea ambayo ndege hao hao wanaitegemea.

Kuna ndege mdogo wa kijivu-kijani asiye na alama yoyote, hufuatana na mwingine anayemetameta. Nimepekua kitabu sioni anayefanana naye. Nimtambueje?

Kama mdomo wake ni mwembamba na umepinda kuelekea chini, nina hakika karibu yote kwamba huyo ni chozi jike, na anayemetameta ni dume wake. Kwa chozi wa aina nyingi rangi za kung'aa ni za dume peke yake, na katika baadhi ya spishi hata yeye huzivua baada ya msimu wa kuzaa, akawa kama jike kwa muda. Wanaoanza huanzia kwenye rangi, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote: hubadilika kwa umri, jinsia, msimu na hata pembe ya jua.

Anza na ukubwa, ukimlinganisha na ndege unayemjua vizuri. Je, ni mdogo kuliko shomoro? Anamkaribia njiwa? Kisha tazama mdomo, kwa kuwa mdomo hukuambia anakula nini. Mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba ulionyooka ni wa kudonoa wadudu, uliopinda ni wa kuzama ndani ya ua. Baada ya hapo tazama mwenendo. Kitwitwi hutikisa mkia bila kuchoka. Kigong'ota hupanda shina wima akijiegemeza kwa mkia. Shorewanda hukaa juu kabisa ya kichaka akipiga kelele. Ukishayajua hayo matatu, familia imepatikana, na hapo ndipo rangi inakuwa na kazi: mstari juu ya jicho, doa kwenye bawa, rangi ya chini ya mkia.

Andika au chora kwanza, ndipo ufungue kitabu. Ukifungua kitabu mapema, jicho litaona kile ulichokisoma. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa kwa bustani (8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Na saa 12 hadi saa 3 asubuhi zina thamani kuliko mchana kutwa.

Je, programu za simu zinazotambua sauti ya ndege zinaaminika?

Zinasaidia sana, nami naitumia Merlin, programu ya bure ya Cornell Lab of Ornithology ya Marekani. Lakini inajua tu ndege ambao sauti zao zimekusanywa vya kutosha, na katika nchi nyingi za tropiki kazi hiyo bado haijakamilika. Ichukulie kama dokezo, kisha umtafute ndege kwa macho. Pia wapo waigaji: baadhi ya kurumbiza huimba nyimbo za ndege wengine vizuri kiasi cha kumpotosha hata mzoefu. Na tafadhali usimchezee ndege sauti iliyorekodiwa tena na tena ili ajitokeze. Dume hudhani mpinzani ameingia eneo lake, akaacha kulisha makinda ili apigane na simu.

Nawawekea mkate. Ni sawa?

Hapana. Unamshibisha bila kumjenga. Weka papai au ndizi iliyoiva, na uondoe mabaki jioni panya wasije. Wanaowawekea chozi maji ya sukari wachanganye sehemu 1 ya sukari kwa sehemu 4 za maji, bila rangi, bila asali, na wabadilishe kila siku kwa sababu joto huyachachisha upesi.

Nataka kuweka beseni la maji lakini naogopa mbu.

Weka bila hofu, ila ulihudumie. Katika joto yai la mbu huchukua takriban wiki moja kuwa mbu kamili, kwa hiyo ukiyamwaga maji na kulisugua beseni kila baada ya siku mbili, hakuna atakayewahi kuruka. Kina kiwe sentimita 2 pembeni na 5 katikati, sakafu iwe ya kukwaruza, na uweke jiwe la kusimamia. Beseni likae karibu na tawi la kukimbilia, lakini mita chache kutoka kichaka ambamo paka anaweza kuvizia. Ndege wanaokula wadudu, ambao meza ya mbegu haiwaleti kamwe, huja kwenye maji. Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote niliyoyasema, fanya hili.

Kunguru wenye shingo ya kijivu wamejaa na ndege wadogo wamepungua. Nao ni ndege wa asili?

Inategemea uliko. Huyo ni kunguru wa nyumbani, mwenyeji wa Asia Kusini. Kwingine aliletwa na watu au alisafiri na meli. Zanzibar alipelekwa miaka ya 1890 ili ale taka, akasambaa pwani ya Afrika Mashariki. Hula mayai na makinda, na hufuata uchafu. Funika taka zako, usiache chakula nje, na panda vichaka vyenye miiba ambamo ndege wadogo wanaweza kuficha viota.

Kinda ameanguka chini. Nimguse?

Akiwa na manyoya na anarukaruka, anajifunza kuruka na wazazi wako karibu. Mfungie paka ndani na umwache. Akiwa uchi, mrudishe kiotani. Si kweli kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wako. Usimtilie maji mdomoni, maana tundu la hewa liko pale pale kwenye ulimi na anaweza kuzama.

Mnana wanauchana mnazi wangu umebaki vijiti. Niwafukuze?

Naelewa uchungu wako, lakini nakuomba usiwafukuze. Mnazi mzima wenye afya kwa kawaida hutoa majani mapya wakiondoka. Tumia muda huu kuwatazama. Dume huchana ukanda wa jani, akausuka kwa mdomo na mguu, kisha hujining'iniza chini ya kiota akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Kiota kikishakauka bila kupata jike, mara nyingi hukibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Ukiwa makini utaona pia kekeo wakizungukazunguka, kwa sababu baadhi yao hutaga ndani ya viota vya mnana. Mnana jike amejihami kwa namna ya ajabu: katika baadhi ya spishi kila jike ana rangi na madoa yake ya mayai, hivyo la mgeni hulitambua na kulitupa nje.

Kama ni lazima ukate makuti, subiri hadi makelele ya makinda yaishe na viota vikae vitupu. Kata yaliyokauka tu.