Maswali na Majibu: Wazee Wetu na Watafiti wa Afya

Watafiti humjia baba huku Kyamulibwa, Uganda, mwaka baada ya mwaka. Wanapima presha, wanatoa damu, wanaondoka. Anapata nini? (Msomaji, Kalungu)

Faida iko kwenye huko kurudi. Presha ya leo ni ya leo tu. Ukimfuata mtu miaka 20 ndipo unajua nani aliugua na alikuwa akiishi vipi kabla. Utafiti wa Kyamulibwa ulianza 1989 kwa ajili ya Ukimwi, baadaye ukaingiza presha na kisukari. Kinachoniuma ni wazee wanaokimbilia shambani wakisikia gari la watafiti, au wanaoapa hawajagusa waragi, ile pombe kali. Hesabu inaharibika, maana mara nyingi anayekosekana ndiye mgonjwa zaidi. Baba ana haki ya kukataa, na ana haki ya kudai majibu yake. Ayadai! Presha ikiwa juu, aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Kuandikwa kwenye daftari la mtafiti si kutibiwa.

Udhaifu wa mifupa si ugonjwa wa akina mama? (Busia)

Si wao peke yao. Kuanzia mwaka 2000, utafiti wa MrOS huko Marekani uliandikisha wanaume 5,994 wa miaka 65 na zaidi, ukawafuata kuona nani atavunjika. Wanaume huvunjika nyonga mara chache kuliko wanawake, ila wakivunjika hufa zaidi. Huku kwetu mzee anateleza bafuni usiku, wanawe wanamkanda kwa mafuta wiki nzima. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, acha kukanda: huenda nyonga imevunjika. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Eti mzee anayekunywa pombe kidogo huishi miaka mingi kuliko asiyekunywa? (Arua)

Baadhi ya wanaohesabiwa "hawanywi" walikuwa wanywaji, wakaacha kwa kuumwa; ndiyo maana wasiokunywa huonekana kufa mapema. Usianze.

Nina miaka 70, presha 160 kwa 100. Nimeze dawa gani?

Kila mara swali hili! Siijui figo yako, sijui unameza nini kingine. Nenda ukapimwe tena, uandikiwe dawa na anayekuona. Na zile chupa za "presha na nguvu za kiume" zinazonadiwa kwenye steji ya teksi, usinunue.

Nina miaka 74, bado nalima. Nikiombwa kujiunga na utafiti nikubali, nami siumwi?

Kubali, mzee wangu. Wazima wanahitajika sana, la sivyo mgonjwa atalinganishwa na nani? Ukihamia kwa mwanao Kampala, waachie namba ya simu.