Maswali na Majibu: Nzi Mwenye Nywele Ngumu

Shikamoo mwalimu. Nzi huyu mwenye nywele nyingi nimemkuta kwenye mahindi. Ni nzi gani? (Mkulima, Usa River)

Marahaba. Picha umeipiga kwa juu, na kwa juu nzi wengi wanafanana. Nywele nene za tumboni, zilizosimama kama brashi ya chupa, zinanifanya nimshuku kuwa wa familia ya Tachinidae, ambao mabuu yao hukulia ndani ya viwavi na wadudu wengine hadi kuwaua. Nitumie picha ya ubavuni. Nyuma ya shina la bawa, juu ya mguu wa nyuma, tafuta mstari wa nywele ngumu zilizosimama. Nzi wa nyumbani hana mstari huo. Lakini nzi wa kijani wa kwenye mizoga anao, kwa hiyo usishangilie bado. Mwishoni mwa kifua kuna kipande cha pembetatu kinachoelekea tumboni. Chini yake Tachinidae ana kijivimbe kingine cha mviringo kilichotokeza. Hicho ndicho kinachomtambulisha.

Programu ya simu imenipa hadi jina la spishi. Niiamini? (Moshi mjini)

Familia, pengine. Spishi, hapana. Spishi za Tachinidae zilizokwisha kuelezwa duniani ni zaidi ya 8,000, na nyingi hutenganishwa kwa kuhesabu nywele za kifuani na usoni, au kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Simu haifiki huko.

Picha zangu hazionyeshi nywele vizuri. (Marangu)

Zima flashi, mng'ao wake huzifuta. Piga alfajiri kukiwa bado na baridi, nzi akiwa mzito kuruka. Ukiona nywele imekatika usiihesabu kama haipo: huacha kitundu chake, na kitundu ndicho kinachohesabiwa.

Ndiye huyu anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa? (Mama, Himo)

Hapana, mama. Huyo ni Cordylobia, ana rangi ya hudhurungi na hana nywele nene hivyo. Endelea kupiga nguo pasi, hasa mishono, ili joto liue mayai yake.

Nimpulizie dawa? (Ngaramtoni)

Usithubutu! Baadhi yao huwashambulia viwavijeshi vamizi walioingia nchini 2017. Ukimwona kiwavi ana mayai meupe yaliyogandia mgongoni, mweke kwenye chupa pamoja na majani mabichi, funika kwa kitambaa. Nzi akitoka, mpige picha pamoja na mabaki ya kiwavi, kisha vipeleke vyote Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu hapo Arusha. Kujua alikula nini humpunguzia mtaalamu nusu ya kazi.