Friji ya sambaza iliyosoma nyuzi 251

Wadogo zangu wanaoanza kuandika draiva za Linux (programu zinazouwezesha mfumo wa kompyuta kuongea na vifaa) hapa Goma huniuliza waanzie wapi. Nawaambia: kabla hujaita fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja na kukupa jibu), jua inarudisha nini. Mimi somo hilo nililipata kwa mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mtaani Birere.

Nilikuwa nimemfungia frijini kipimajoto kidogo cha I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha vifaa vidogo), na draiva nimeiandika mwenyewe. Siku moja akanipigia: «Mwanangu, mashine yako inasema samaki wangu wako nyuzi 251. Wameshaiva?» Nikapanda pikipiki mbio hadi kwake. Waya ulikuwa umelegea tu, lakini kosa lenyewe lilikuwa langu. Fanksheni ya kusomea kipimajoto, i2c_smbus_read_byte_data, hurudisha baiti iliyosomwa, yaani 0 hadi 255, au namba hasi ikishindwa. Siku ile ilirudisha -5, ambayo ni EIO (kosa la kusoma au kuandika kifaa), nami nikaitumbukiza kwenye u8, namba ya biti 8 isiyojua hasi. 256 toa 5 ni 251. Jibu lipokee kwanza kwenye int, inayojua hasi, uangalie kama liko chini ya sifuri, ndipo uchukue baiti yako.

Desturi ya kerneli, yaani kiini cha Linux, ni hii: jina la fanksheni likiwa amri, 0 ni salama na namba hasi ni kosa, likiwa swali, 1 ni ndiyo na 0 ni hapana. (Ndiyo, sifuri hugeuka maana. Zoeeni.) Halafu kuna wakaidi. copy_to_user, inayonakili data kutoka kerneli kwenda kwa programu ya mtumiaji, hurudisha idadi ya baiti ambazo hazikunakiliwa. Ukilipitisha jibu hilo moja kwa moja kutoka kwenye read yako (fanksheni ya draiva inayoijibu programu inaposoma), mambo yakienda vizuri programu hupata 0, hudhani faili limeisha, na cat, amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili, inanyamaza kimya. Hilo lilinikeshesha usiku mzima, tena umeme ukikatikakatika. Ikisalia hata baiti moja, rudisha -EFAULT (kosa la anwani mbaya ya kumbukumbu). Isiposalia, rudisha idadi uliyotoa.

Na jamani, acheni kurudisha -1. Kwa kerneli hiyo ni EPERM: mtumiaji anaambiwa hana ruhusa, anahangaika bure na sudo, amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi. Kosa ulilopewa lipitishe lilivyo. Probe yako (fanksheni inayoanzisha kifaa) ikipokea -EPROBE_DEFER, yaani «kuna kitu bado hakijafika, jaribu baadaye», ukaigeuza -ENODEV, yaani «hakuna kifaa», kerneli haitakirudia kifaa hicho baadaye, hata kile kilichokuwa kinasubiriwa kikishafika.

Siku hizi friji ya yule mama ikishindwa kusoma huandika «WAYA». Anausukuma mwenyewe, hanipigii tena.