Jibu: mimea ya milimani, na wewe uko Dar

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuijua mimea asili ya milimani ilhali unaishi Tabata na mlima huuoni. Anza na majani, achana na maua kwanza. Ua utalikuta wiki mbili tatu kwa mwaka, jani lipo siku zote. Tazama: yameota mawili mawili yakikabiliana, au moja moja kwa kupishana? Ukilikata linatoa utomvu? Likisuguliwa linanuka nini? Kwenye misitu ya Uluguru na Usambara, ukikuta majani yanayokabiliana, kingo zake laini zisizo na meno, na kajani kadogo sana kalikobana katikati ya vikonyo viwili vya majani, basi karibu hakika ni ndugu wa mbuni, yaani mti wa kahawa. Hiyo familia peke yake itakupa kazi mwaka mzima!

Halafu chungulia wauza maua wa kando ya barabara. Saintpaulia, kale kaua ka zambarau kenye majani ya manyoya kanakopambwa madirishani Ulaya, kwao ni hapa hapa. Wazungu walikachukua Usambara miaka ya 1890, na porini kanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mimi kalinishangaza sana.

Ukipata nafasi, panda treni ya SGR hadi Morogoro, uombe mwenyeji akuongoze. Mwulize jina la Kiluguru na matumizi yake, uandike. Piga picha jani mbele na nyuma, gome pia. Usichume.