Bati linavuta joto, au linafyonza?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Bagamoyo. Wanafunzi wangu huandika "bati linavuta joto" na "chokaa inafukuza joto". Je, niwasahihishe? Na kati ya kufyonza na kusharabu, lipi bora?

JIBU: Wasahihishe, mwalimu, ila kwa upole, maana mitaani sote twasema hivyo. Ubaya wa "kuvuta" ni kuwa mtu hudhani bati ndilo linalolifuata joto. Bati halivuti kitu. Mionzi ya jua huliangukia, nyingine ikaakisiwa, nyingine ikafyonzwa. Kitu kiangavu, kama kioo, kina tendo la tatu: kupitisha. Jumlisha hayo matatu, utapata mionzi yote iliyofika.

Kufyonza na kusharabu yote ni sahihi. Kusharabu kunatokana na Kiarabu, kunywa, nasi tumezoea kukisikia kwa kitambaa au udongo ulionyweshwa maji. Mimi huchagua kufyonza, kwa kuwa mtoto analijua neno hilo tangu alipofyonza embe. "Kufukuza" kuache kabisa.

Kitenzi kinachosahaulika ni kutoa. Keti barazani Mji Mkongwe baada ya magharibi, karibu na ukuta wa mawe ya matumbawe, lakini usiuegemee. Mgongo utahisi joto kabla haujagusa kitu. Ukuta uliofyonza mchana kutwa sasa unatoa mionzi ya joto, na tendo hilo ndilo mnururisho. Neno limezaliwa na nuru, ingawa mionzi hiyo haionekani kwa macho. Waambie wanafunzi, maana wengi wakisikia "mionzi" hufikiria eksirei tu.

Sasa chokaa. Huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini mionzi ya joto huifyonza na kuitoa vizuri. Gustav Kirchhoff, mwanafizikia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1859 kwamba kifyonzacho vizuri mionzi ya aina fulani ndicho kiitoacho vizuri. Bati jipya linalong'aa hutoa mionzi ya joto kwa shida. Kile kidogo lilichofyonza hubaki nacho, ndiyo maana adhuhuri huwezi kuliwekea kiganja.

Basi mwanafunzi akiandika "chokaa huakisi", mpe nusu alama. Nusu ya pili aipate akiandika "huakisi mwanga wa jua".